Siasa, mipango miji na afya: Jadida (Wete, Pemba)

Jadida ni shehia ya mji wa Wete, Mkoa wa Kaskazini Pemba. Wete ni bandari iliyokua kwa karafuu, na afya ya watu wake haielezeki bila kulitaja zao hilo. Wanaoandika juu ya afya katika miji iliyopoteza viwanda hupenda kutoa mfano wa Glasgow au Detroit. Pemba haikuwa na viwanda vya namna hiyo. Uchumi wake ulikuwa mikarafuu, nao ulidorora pale mnunuzi mkubwa alipoacha kununua.

Mnunuzi huyo alikuwa Indonesia, iliyohitaji karafuu kwa sigara zake za kretek. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 nchi hiyo ilikuwa ikijitosheleza kwa karafuu zake yenyewe, na bei ya dunia ikaporomoka. Lakini mkulima wa Pemba alikuwa ameshaumia kabla ya hapo. Shirika la Biashara la Taifa Zanzibar (ZSTC), lililoundwa 1968, ndilo pekee lililoruhusiwa kununua karafuu, na lilimpa mkulima sehemu ndogo tu ya bei ya nje. Tofauti iliingia serikalini, ikagharimia matibabu na elimu bila malipo vilivyotangazwa baada ya Mapinduzi ya 1964, pamoja na magorofa ya nyumba za maendeleo. Miji ya Wete, Chake Chake na Mkoani ilipata magorofa yake, ila mradi mkubwa kuliko yote, Michenzani, ulijengwa Unguja. Karafuu nyingi zilitoka Pemba. Si ajabu kwamba, kwa malipo hayo madogo, magendo ya karafuu ya kuelekea Mombasa yalishamiri.

Hata hivyo, pigo la wazi zaidi kwa afya halikutokana na bei bali na uamuzi. Kuanzia 1958, kwa msaada wa Shirika la Afya Duniani, nyumba za Unguja na Pemba zilipigwa dawa za kuua mbu, ikiwemo DDT, na malaria ikapungua sana. Mwaka 1968 mpango huo ulisimamishwa. Mbu hawakuwa wamekwisha, wala vimelea havikuwa vimekwisha, na ndani ya miaka michache ugonjwa ulirudi. Jaribio la pili, la miaka ya 1980 kwa fedha za Marekani, halikufua dafu, kwani mbu walikuwa wamejenga usugu dhidi ya DDT. Ilibidi kusubiri hadi 2003, dawa mseto zilipoanza kutolewa bure, zikafuatiwa na vyandarua vyenye dawa na upigaji dawa majumbani. Kufikia mwaka 2008 hivi, waliokutwa na vimelea katika vipimo vya jamii walikuwa chini ya asilimia 1. Kizazi kizima kilikuwa kimekwishalipia pengo lile la katikati.

Kisha kuna siasa za vyama, ambazo Pemba hubisha kila mlango. Baada ya uchaguzi wa 1995, ambao matokeo yake yalipingwa, wafadhili kadhaa walisitisha misaada kwa Zanzibar, na huduma za jamii zilikuwa miongoni mwa zilizoathirika. Januari 27, 2001, maandamano ya chama cha upinzani cha CUF yalikabiliwa kwa risasi, Wete ikiwa miongoni mwa miji iliyoshuhudia mauaji. Human Rights Watch, katika ripoti yake ya 2002, ilitaja vifo visivyopungua 35 na majeruhi zaidi ya 600 Zanzibar nzima, na kueleza kwamba askari waliwazuia baadhi ya majeruhi kupata matibabu. Tume ya serikali iliyoongozwa na Hashim Mbita ilitaja vifo 31. Watu wapatao 2,000 walivuka bahari hadi Shimoni, Kenya. Muafaka wa Oktoba 2001, na hasa maridhiano yaliyozaa Serikali ya Umoja wa Kitaifa mwaka 2010, ndiyo yaliyotuliza mambo kwa muda.

Utulivu haukuleta mabomba ya maji. Kampeni za dawa huenda haraka kuliko mitaro na maji, kwa sababu vidonge vilivyomezwa huhesabika kirahisi na wafadhili hupenda hesabu. Kichocho ni mfano mzuri. Kuanzia 2011, shehia 90, nusu yake zikiwa Pemba, ziliingizwa katika utafiti uliolinganisha ugawaji wa dawa peke yake, dawa pamoja na kuua konokono, na dawa pamoja na elimu ya tabia. Maambukizi yalishuka, lakini hayakukatika. Mtoto asiye na maji ya bomba ataendelea kuoga mtoni, hata akimezeshwa dawa mara mbili kwa mwaka.

Umaskini nao haukuondoka: utafiti wa kaya wa 2014/15 ulionyesha zaidi ya nusu ya Wapemba wakiishi chini ya mstari wa mahitaji ya msingi, wakati Unguja umaskini ulikuwa ukipungua. Utalii umeinyanyua Unguja zaidi. Kwa Pemba tegemeo lilibaki karafuu, na mwaka 2011 serikali ilipandisha bei ya karafuu ya daraja la kwanza hadi shilingi 15,000 kwa kilo, hatua iliyoingiza fedha mikononi mwa wakulima moja kwa moja.

Afya si jambo la Muungano, kwa hiyo lawama na sifa hubaki Zanzibar. Fedha za ahueni ya UVIKO-19 zilijenga hospitali mpya za wilaya Unguja na Pemba, ikiwemo ya Kinyasini, wilayani Wete. Kwa mkaazi wa Jadida, hiyo ni huduma nyingine karibu na nyumbani, ingawa kwa maradhi mazito safari kwa miaka mingi iliishia Chake Chake, Mkoani au hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, ng'ambo ya bahari.