Vyakula vya Kale Jikoni Mwetu

Wako watu wadhanio ya kuwa historia ni habari za wafalme na vita tu, wala haina mahali pake jikoni. Lakini chungu nacho kina historia yake. Basi sisi tufundishao hapa Gombani, karibu na mji wa Chake Chake, tulikusudia kupika nyumbani vyakula vya karne zilizopita, ili tupate kujua wazee wa kisiwa hiki cha Pemba walikula nini. Twawaeleza wasomaji wetu tuliyoyaona, maana yana mafundisho kwa kila mwenye shamba na mwenye watoto.

Sheria yetu ilikuwa moja: kitu ambacho hakikuwako katika pwani hii wakati ule kisiingie chunguni. Mara tukaona kapu letu limekuwa jepesi. Muhogo ulitoka, na mahindi, na viazi vitamu, na nyanya, na njugu nyasa, na pilipili kali. Vyote hivyo asili yake ni Amerika, navyo havikujulikana huku kabla Columbus hajavuka bahari mwaka 1492, na Vasco da Gama hajafika pwani yetu mwaka 1498. Muhogo tuuitao chakula cha mababu ni mgeni aliyeletwa. Hata karafuu, iliyokipa kisiwa chetu jina, asili yake ni visiwa vya Moluku. Ilianza kupandwa Unguja mwanzoni mwa karne ya 19, na Pemba ikawa ya kwanza kwa karafuu baada ya tufani ya mwaka 1872 kuiangusha mikarafuu ya Unguja.

Je, walikula nini basi? Tunao mashahidi watatu. Wa kwanza ni al-Masudi, msafiri wa Baghdad, aliyeondoka katika kisiwa cha Kanbalu mwaka 916. Na wataalamu wengi huona ya kuwa Kanbalu ndiyo Pemba. Ametaja ndizi, nafaka ya jamii ya mtama, mzizi uliochimbwa ardhini, asali, nyama na nazi.

Shahidi wa pili ni majivu. Wachimbuzi wa mambo ya kale, Adria LaViolette na Jeffrey Fleisher, walichimba kaskazini ya Pemba, mahali paitwapo Tumbe na Chwaka, na Sarah Walshaw akazichunguza mbegu zilizopatikana, akaandika habari zake mwaka 2010. Njia yao ni nyepesi kuifahamu. Nafaka ikiungua jikoni bila kuwa majivu kabisa, hugeuka makaa, na makaa hayaozi wala hayaliwi na wadudu. Udongo ukitiwa majini, mbegu zile nyeusi huelea, nazo huhesabiwa. Huko Tumbe, kijiji cha karne ya 7 hata ya 10, nafaka iliyozidi ilikuwa uwele. Huko Chwaka, mji wa karne ya 11 hata ya 16, mchele ndio uliozidi. Maana yake, katika kisiwa hiki kimoja watu waliuacha uwele wakaufuata mchele, chakula cha karamu na cha heshima ya mgeni.

Shahidi wa tatu ni Ibn Battuta wa Tangier, aliyepita pwani hii mwaka 1331. Mogadishu alikaribishwa kwa wali uliopikwa kwa samli, pamoja na vitoweo vya kuku, nyama, samaki na mboga; kisha ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa; kisha maziwa ya mgando na achari ya limau na pilipili, pamoja na tangawizi mbichi na maembe. Mombasa aliona chakula cha watu ni ndizi na samaki.

Tulianza na ndizi. Tulizimenya, tukazikata, tukazichemsha kwa maziwa mabichi na chumvi kidogo, moto wa polepole. Zilitoka laini, na watoto walizimaliza. Achari tuliifanya kwa limau, chumvi na pilipili manga peke yake. Nayo yafaa sana pamoja na wali wa samli, maana ukali wake hukata mafuta.

Uwele ndio uliotupa kazi. Katika maduka tuliyoyazoea hatukuupata, ikabidi kuuagiza bara, kutoka Dodoma, ulimwako hata leo. Ajabu hiyo: chakula cha wazee wa Tumbe kuletwa Pemba kwa chombo! Bibi mmoja jirani yetu alituona tukitwanga, akacheka, akasema, "Mwalimu, punje hizo ndogo zataka subira. Pepeta tena, mwanangu." Tukapepeta tena, tukasaga, tukapika uji kwa tui na asali, kisha tukaoka mkate juu ya kigae. Uji ulikuwa mzito, wenye harufu ya udongo baada ya mvua. Mtoto mmoja akasema ni chakula cha kuku. Mwingine akaomba kikombe cha pili.

Neno lile, chakula cha kuku, ndilo lililotufanya tuandike. Hivyo ndivyo chakula kinavyokufa: hakifi kwa ukame, hufa kwa dharau. Na dharau ina gharama. Mwaka 1942 Wajapani walipoitwaa Burma, mchele uliokuwa ukija kutoka huko ulikatika, na watu wa Unguja na Pemba wakarudi kwenye muhogo, viazi na nafaka nyingine. Leo pia sehemu kubwa ya mchele wa visiwa hivi huja kwa meli. Uwele huvumilia udongo mwembamba na mvua chache, kama ilivyo upande wa Micheweni penye mawe ya matumbawe.

Hatusemi watu waache wali. Mchele wenyewe, na ndizi, na nazi, vyote vilikuja kwa bahari kutoka mashariki, tukavipokea; na nabii Ezekieli, katika sura ya 4, aliagizwa kuchanganya ngano, shayiri, kunde, dengu na mtama katika chombo kimoja. Twasema hivi tu: ghala yenye nafaka moja ni ghala yenye mlango mmoja, mlango huo ukifungwa, nyumba nzima ina njaa.

Kwa hiyo, ndugu wasomaji, kila mwenye bibi nyumbani na amwulize: mlikula nini mwaka wa njaa, na mlipikaje? Ayaandike katika daftari, kisha apike. Bwana wetu alipokwisha kuwalisha makutano aliagiza vipande vilivyobaki vikusanywe. Hata punje zilizoungua za Tumbe zilikuwa vipande, na katika hizo tumewajua wazee wetu.