Kutoka Kilemba hadi Cheti: Mamlaka ya Kuthibitisha Ujuzi wa Fundi Tanzania Bara

Makala haya yanachunguza namna mamlaka ya kuthibitisha ujuzi wa fundi yalivyohama kutoka kwa aliyemfunza hadi kwa dola, na ni nani aliyeachwa nje katika uhamisho huo. Hoja yetu ni kwamba udhibiti wa uanagenzi ulijengwa juu ya ajira ya mshahara. Fundi asiye na mwajiri hakuwekewa mlango wa kuingilia.

Katika miji ya mwambao, mwanagenzi alikabidhiwa kwa fundi, akamtumikia huku akijifunza, na alipohitimu fundi alipewa kilemba, yaani ada ya kukamilisha mafunzo. Maana hiyo imehifadhiwa katika kamusi za Kiswahili. Ushahidi wa ujuzi ulikuwa jina la fundi mwenyewe: aliyetoka mikononi mwa fundi anayeheshimika hakuhitaji karatasi. Hata hivyo, utaratibu huu usipambwe kupita kiasi, kwani muda wa kuhitimu aliuamua fundi, ambaye ndiye aliyenufaika na kazi ya kijana.

Serikali ya kikoloni ilileta kipimo cha aina nyingine. Katika shule za ufundi za Ifunda (1951) na Moshi (1957), mafunzo ya karakana yalifuatiwa na kipindi cha uanagenzi kwa mwajiri. Majaribio ya ufundi nayo yalimpanga fundi katika daraja la III, la II au la I. Mantiki ya madaraja haya ni ya mshahara: yalimweleza mwajiri mkubwa, kama vile reli au idara ya ujenzi, amlipe fundi kiasi gani. Mteja anayeagiza kitanda kwa seremala wa mtaani hakuyahitaji, alikitazama kitanda.

Uhuru haukuivunja mantiki hiyo. Sheria ya mwaka 1974 iliweka mafunzo na majaribio ya ufundi chini ya divisheni ya taifa katika wizara ya kazi, na madaraja yakabaki. Sheria ya mwaka 1994 iliunda Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA), ikaanzisha tozo ya 2% ya malipo ya wafanyakazi kwa waajiri wenye wafanyakazi wanne au zaidi. Tozo hii hujadiliwa zaidi kama suala la fedha, lakini inaonyesha pia mipaka ya mfumo wenyewe. Gereji ya chini ya mwembe yenye fundi mmoja na vijana wawili haikulipa, wala makubaliano ya mdomo kati ya fundi huyo na mzazi hayakuwa na hadhi ya mkataba wa uanagenzi uliosajiliwa. Na humo ndimo vijana wengi walimojifunza kazi.

Urasimishaji wa ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi wa mafunzo umekuja kuziba pengo hilo. Fundi hupimwa kwa kazi anayoijua tayari, pasipo kulazimishwa kurudi darasani, kisha hupewa cheti. Kwa kijana anayezuiwa kupata kazi ya mkandarasi kwa kukosa karatasi, hili si jambo dogo. Lakini kinachorasimishwa ni ujuzi wa mtahiniwa peke yake. Fundi aliyemlea kazini kwa miaka hapati hadhi ya mkufunzi kutokana na cheti hicho, na ada anayopewa na mzazi inaendelea kuwa jambo la mdomo, kama kilemba kilivyokuwa.