Ceropegia: Mmea utambaao unaonasa nzi na kuwaachilia

KWA anayeliona mara ya kwanza, ua la Ceropegia halifanani na ua. Petali zake tano zimeungana chini zikawa mrija mwembamba wenye tumbo lililotuna, na kwa aina nyingi ncha zake hukutana tena juu mithili ya kandili.

Jina hilo lilitolewa na Linnaeus mwaka 1753. Kenya ina aina zake za porini, ikiwemo Ceropegia ballyana, iliyopewa jina la Peter Bally, mtaalamu wa mimea kutoka Uswisi aliyefanya kazi katika Makumbusho ya Coryndon jijini Nairobi.

Nzi wadogo huvutwa na harufu ya ua, huteleza mrijani, na vinyweleo vinavyoelekea chini huwazuia kutoka. Hata hivyo hawaliwi. Vinyweleo vikinyauka, nzi hutoka wakiwa wamebeba chavua na kuipeleka kwenye ua jingine. Mwaka 2016 wanasayansi walieleza kwamba Ceropegia sandersonii, ya kusini mwa Afrika, hutoa harufu kama ya nyuki aliyejeruhiwa, hivyo kuwahadaa nzi wanaofyonza majimaji ya nyuki walionaswa na buibui.

Aina ipandwayo zaidi majumbani ni Ceropegia woodii, yenye majani ya umbo la moyo na viazi vidogo vinavyoota kwenye shina. Katika pwani ya Kwale, adui wake mkubwa ni maji yanayotuama. Tumia chungu chenye matundu, udongo uliochanganywa na mchanga wa mto na mboji kidogo. Mchanga wa ufukweni haufai kwa sababu una chumvi.

Kata kipande cha shina chenye vifundo viwili au vitatu, kiache siku moja kidonda kikauke, kisha kipande. Kiazi nacho huwekwa juu ya udongo na kufukiwa nusu. Ning'iniza chungu barazani penye mwanga usio mkali, na umwagilie udongo ukishakauka. Mvua za masika zinapozidi, mwezi wa Aprili na Mei, kiweke chungu chini ya paa ili viazi visioze.

Anayetaka mbegu asinyunyize dawa ya wadudu wakati wa maua, kwani bila nzi hakuna tunda. Tunda likikauka hupasuka na kutoa mbegu zenye nyuzi kama sufi, zinazopeperushwa na upepo.

La mwisho ndilo kubwa: usichimbe mmea huu msituni. Kaya Kinondo, karibu na Diani, ni miongoni mwa misitu mitakatifu ya Wamijikenda iliyotiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2008, na mila yake hairuhusu mgeni kutoka na chochote, hata jani. Kiazi kikishang'olewa, mmea mzima umekwisha, ilhali kipande cha shina urefu wa kidole, ulichopewa na jirani, chatosha kuanzisha bustani.