Cheo cha Mhandisi wa Kilimo katika Nyanda za Lubero: Chuo Kikuu cha Graben na Suala la Ithibati

Nchini Kongo jina la mhandisi halimhusu mjenzi wa madaraja na fundi wa mitambo peke yao. Chini ya mfumo wa zamani wa elimu ya juu, aliyehitimu miaka mitano ya masomo ya kilimo chuo kikuu alipewa kwa Kifaransa cheo cha ingénieur agronome, yaani mhandisi wa kilimo. Kwa Wanande wa Musienene, Butembo na Beni, ambao riziki yao hutoka shambani na katika biashara ya mazao ya shamba, cheo hicho kina uzito mkubwa. Lakini ni nani mwenye haki ya kukitoa, na thamani yake huthibitishwa na nini? Historia ya elimu ya juu katika sehemu hizo kwa miaka zaidi ya thelathini inaweza kusomwa kama jibu refu la swali hilo.

Hapo awali jibu lilikuwa jepesi: mwenye haki ni serikali. Chuo Kikuu cha Lovanium, kilichoanzishwa mwaka 1954, pamoja na vile vya Elisabethville na Kisangani vilivyokifuata, viliunganishwa mwaka 1971 kuwa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire. Muungano huo ulivunjwa mwaka 1981, ila vyuo vilibaki mikononi mwa dola. Elimu ya kilimo ilikuwa na makao yake ya kale Yangambi, kando ya Mto Kongo, ambako Wabelgiji waliweka kituo kikuu cha taasisi ya utafiti wa kilimo, INEAC, iliyoundwa mwaka 1933. Kijana wa Musienene aliyetaka kuwa mhandisi wa kilimo alilazimika kuuvuka msitu wa Ituri na kwenda kujifunza udongo usiokuwa wa kwao.

Mwaka 1989 serikali ya Zaire ililegeza mamlaka yake, na mwaka huohuo Askofu Emmanuel Kataliko wa Jimbo la Butembo-Beni akaanzisha Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben mjini Butembo. Kataliko alikuwa askofu wa jimbo hilo tangu 1966. Hakujenga juu ya ardhi tupu. Misheni za jimbo, na Musienene ni mojawapo, zilikuwa na shule na hospitali zilizokwisha kuwazoesha watu kugharimia mambo yao wenyewe bila kuingoja Kinshasa. Mwaka 1997 alihamishiwa Bukavu kuwa askofu mkuu. Mwezi Februari 2000 waasi wa RCD walimzuia kuishi Bukavu, wakamrudisha Butembo kama mtu aliyefukuzwa. Aliruhusiwa kurejea Bukavu Septemba, akafariki Roma tarehe 4 Oktoba mwaka huohuo. Jina lake hutajwa kila chuo kinapozungumziwa, na hiyo ni haki yake.

Hata hivyo kuanzisha chuo ni jambo moja, na vyeti vyake kukubaliwa ni jambo jingine. Kwa utaratibu wa Kongo, chuo cha binafsi huhitaji kibali cha serikali. Hukaguliwa kama kina walimu, majengo na vitabu vya kutosha. Kisha vyeti vya wahitimu wake hupelekwa kuidhinishwa. Vita vya 1998 hadi 2003 vilipoitenga Butembo na Kinshasa, mamlaka ya kuthibitisha vyeti yalibaki upande mmoja wa nchi na wanafunzi upande mwingine. Katika hali kama hiyo ithibati hubaki mikononi mwa mwalimu: akishusha kipimo cha mtihani, hakuna wa kumwona. Ni utumishi usio na sherehe, nao, kwa haki, unastahili kutajwa pamoja na ule wa mwanzilishi.

Kipimo kingine kilitoka shambani. Kwanza ulikuwa mnyauko wa mibuni, ulioangamiza robusta upande wa Beni na kugunduliwa Uganda mwaka 1993. Kisha, mwaka 2001, mnyauko wa migomba unaoletwa na bakteria ulionekana Masisi, kusini zaidi katika Kivu ya Kaskazini. Taarifa ya kitaalamu iliyothibitisha kuwapo kwa ugonjwa huo nchini Kongo ilitolewa mwaka 2006 katika jarida la Plant Pathology, na mwandishi wake wa kwanza alikuwa Vigheri Ndungo, mwalimu wa kilimo wa Graben. Chuo ambacho vyeti vyake vilihitaji muhuri wa mbali kilikuwa sasa kinaieleza dunia jambo lililokuwa likitokea katika migomba ya jimbo lake.

Ugonjwa huo hauna dawa. Ushauri wa awali ulikuwa kung'oa shina zima pamoja na machipukizi yake, kazi ambayo familia inayoishi kwa ndizi haiwezi kuimaliza. Baadaye utafiti ulionyesha kwamba kukata mmea mmojammoja uliougua, bila kuchoka, kunaweza kutosha. Wadudu, ambao hubeba bakteria kutoka ua la dume la mgomba mmoja hadi jingine, hupungua nguvu mahali palipo juu ya mita 1,700 hivi. Kwa hiyo kukata ua hilo kwa kijiti chenye panda ni jambo la lazima katika nchi ya chini ya Beni. Musienene, ambako ni juu zaidi, hatari kubwa ni panga lililotoka katika mgomba mgonjwa bila kupitishwa motoni. Mshauri asiyejua tofauti hiyo atawachosha wakulima wa juu kwa kazi ya watu wa chini, na panga litaendelea kueneza ugonjwa. Hapo ndipo faida ya kuwafunza wahandisi katika nyanda zenyewe inapoonekana, na hakuna mkaguzi wa majengo na maktaba anayeweza kuipima.

Tangu mwaka wa masomo 2021–2022 Kongo imeanza kuuacha mfumo wa zamani na kuingia ule wa shahada tatu: ya kwanza, ya uzamili na ya uzamivu. Jina la mhandisi wa kilimo litapata nafasi gani katika ngazi hizo ni suala la wizara. Wale waliolipata kabla ya hapo bado wanaitwa hivyo vijijini, na mgomba ukinyauka ndio wanaotafutwa.