Thumuni ya Mjane na Latitudo ya Ngomeni

Mtu amefariki Malindi. Ameacha mke, mabinti wawili, baba na mama. Mwanafunzi wa madrasa aliyefika mlango wa mirathi anayajua mafungu: mke thumuni, mabinti thuluthi mbili, baba sudusi, mama sudusi. Anatafuta asili ya pamoja, anapata 24. Anajumlisha 3, 16, 4 na 4, na hapo hesabu inamgomea, kwa sababu jumla ni 27. Mafungu yamezidi mali. Wanazuoni walikwisha kulitatua tatizo hilo zamani: asili hupandishwa kutoka 24 hadi 27, kila mrithi akapungukiwa kwa uwiano ule ule. Utaratibu huo huitwa aul, na mjane hutoka na sehemu moja ya tisa.

Mwanafunzi huyo huyo, akivaa sare ya sekondari, hujumlisha sehemu za namna hiyo kwa Kiingereza, bila mjane wala mabinti. Sisemi shule imekosea kuwaondoa. Hesabu iliyovuliwa watu hutumika kokote, kwenye mnazi, mkopo au umeme. Lakini hata aljebra ilikua karibu na msiba: al-Khwarizmi, aliyeandika Baghdad katika karne ya 9, alitenga sehemu kubwa ya kitabu chake kwa wasia na mirathi. Aliyesoma Kiarabu na sehemu kwa pamoja anaweza kukaa na mama yake kabla ya kwenda kwa Kadhi, akayapitia mafungu mwenyewe. Kwangu hiyo ni elimu kamili, nami nahuzunika kuiona imekatwa vipande viwili, kimoja cha jioni na kimoja cha asubuhi.

Manahodha nao hawakuikata. Ahmad ibn Majid, bingwa wa bahari wa karne ya 15, alizitunga kwa mashairi njia za baharini, mojawapo ikiwa ya kwenda Sofala. Urefu wa nyota ulipimwa kwa isba, upana wa kidole, na mwanafunzi aliyehifadhi beti alihifadhi vipimo humo humo. (Wapo wanaosema ndiye aliyemwongoza Vasco da Gama kutoka Malindi mwaka 1498. Wanahistoria wengi hawakubali, na hoja yangu haitegemei hilo.) Bara kidogo, Wamijikenda walikuwa na juma la siku nne. Mfanyabiashara aliyefuata soko lao na swala ya Ijumaa aliona siku hizo mbili zikiangukiana kila baada ya siku 28, na hicho ndicho kigawe kidogo cha shirika cha 4 na 7.

Hata hivyo, mila hiyo ya madrasa na manahodha iliwanyima wengi. Watoto wengi walihifadhi Kiarabu pasipo kukielewa, na mirathi na falaki vilibaki kwa wachache, takriban wote wanaume. Sekondari ndiyo iliyomfungulia binti wa Ganze mlango ambao madrasa haikumfungulia. Deni hilo halikanushiki.

Ila shule ilipofungua mlango ilijenga ukuta ndani. Katika KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, hisabati ni lazima kwa kila mtahiniwa, ilhali Kifaransa, Kijerumani na Kiarabu ni vya hiari, pamoja na muziki na biashara. Kiitaliano hakimo, ingawa vijana wa Malindi hukizungumza kila siku na wageni ufukweni, bila sarufi na bila cheti.

Na kaskazini ya mji, Ngomeni, Waitaliano walikuja na hesabu zao. Kwenye jukwaa la San Marco baharini ndipo iliporushwa satelaiti ya Uhuru, tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri. Ndiyo ya kwanza duniani iliyotengwa kwa uchunguzi wa miale ya eksirei angani. Mahali hapo pana faida ya kuwa karibu na ikweta: roketi inayoelekea mashariki hupata msukumo wa mzunguko wa dunia, takriban mita 460 kwa sekunde.

Kidato cha Nne husoma latitudo na longitudo. Kwa nusukipenyo cha dunia cha kilomita 6,370 na latitudo ya nyuzi 3 kusini, mwanafunzi wa Kilifi anaweza kuikokotoa kasi hiyo kwa mistari minne. Natamani aulizwe swali hilo likitaja Ngomeni kwa jina, na natamani Kiitaliano kiingie katika orodha ya lugha za mtihani, ili amalizapo hesabu aweze kwenda kituo cha Ngomeni na kumuuliza mhandisi, kwa lugha ya mhandisi mwenyewe, kama amekokotoa sawasawa.