Mize ambayo vidole vinaruhusiwa

Wandugu, kile kibao cha "Usiguse" tunachokikuta mu kila mize si amri ya zamani sana. Mize ya Ashmolean kule Oxford, Uingereza, ilifungua milango mwaka 1683, na wageni walikuwa wanashika vitu. Mwaka 1710 Mjerumani mmoja, Uffenbach, alipita pale akakasirika kabisa juu kila mtu alikuwa anagusa-gusa. Vioo na kamba vilikuja nyuma. Vililinda vitu, ndiyo, lakini vilimuacha asiyeona inje hata kama ameshaingia ndani.

Wachache walishituka mapema. Mu mji wa Sunderland, kuanzia 1906, msimamizi wa mize Charlton Deas aliita watoto wa masomo ya vipofu waje kushika vitu kwa mikono. Lakini ile ilikuwa zawadi ya mwenye nyumba, siku anayopenda yeye.

Ancona, kule Italia, ni habari ingine. Aldo Grassini na bibi yake Daniela Bottegoni, wote wawili hawaoni, walikuwa wanapenda kusafiri na kutembelea mize, na walinzi wanawakataza kugusa. Basi mwaka 1985 wakatoa wazo la mize yao wenyewe. Mji wa Ancona uliifungua mwaka 1993, ikaitwa Omero, jina la Homer, yule mshairi Mgiriki ambaye wazee walisema alikuwa kipofu. Ndani muko nakala za sanamu kubwa-kubwa, kama ile ya Michelangelo ya Maria akipakata maiti ya Yesu, na pia kazi za wachongaji wa leo. Muko tena mifano midogo ya majengo. Hapo ndipo naona akili yao: sisi wenye macho, tukisimama mbele ya Basilika ya Mtakatifu Petro, tunaona upande mumoja tu. Mtu wa pale Omero anaizunguka yote kwa mikono miwili, mpaka juu ya paa. Hata wenye macho wanafungwa kitambaa usoni ili wajaribu.

Mwaka 1999 Bunge la Italia liliifanya mize ya taifa. Tangu 2012 iko mu Mole Vanvitelliana, jengo la bandarini lililojengwa miaka ya 1700 kwa kutenga wasafiri walioogopewa kuleta magonjwa.

Sasa turudi kwetu. Waluba wa Katanga wako na lukasa, kibao cha mbao chenye shanga. Watu wa chama cha Mbudye walikuwa wanakishika kwa mkono wa kushoto, na kidole cha mkono wa kuume kinapita juu ya shanga kufuata historia ya wafalme. Kumbe ni kitabu cha vidole! Leo lukasa moja iko New York, mu mize ya Brooklyn.

Sheria yetu ya tarehe 3 mwezi wa tano 2022 inalinda haki za watu wenye ulemavu. Mize zetu zinaweza kuanzia pale pale: nakala ya lukasa inaomba fundi wa mbao na shanga. Vyote viko hapa Katanga.