Kana katika Chungu

Mimea mingi iliyotoka Amerika baada ya mwaka 1492 ilipokewa na dunia kwa sababu ya njaa. Mahindi, muhogo na viazi vilivuka bahari vikapata makao mashambani, na leo ni wachache wanaokumbuka kuwa vilikuwa wageni. Kana ilifuata njia nyingine. Kwao, katika nchi za Andes, ni chakula cha kale: matunguu yake, yaitwayo achira, yamechimbuliwa katika magofu ya pwani ya Peru yenye umri wa zaidi ya miaka 4,000, na hata sasa watu wa Colombia huyageuza unga wakaoka biskuti. Ulaya iliipokea kwa macho, si kwa kinywa. Na kwa kuwa baridi ya Ulaya ni adui wa mmea huu, ilibidi apatikane mtu wa kuutia chunguni, kuuingiza ndani wakati wa jalidi, kisha kuutoa, kuukata na kuupa chungu kingine, mwaka baada ya mwaka. Kazi hiyo ndogo haitajwi sana katika vitabu, maana walioifanya walikuwa watu wenye udongo chini ya kucha. Lakini bila ya kazi hiyo pasingekuwa na jambo la kuandika.

Tuanze na jina, ili msomaji asilichanganye na neno letu dogo la kufananisha. Kana ni neno la Kilatini lililotoka katika Kiyunani, na maana yake ni tete. Kutoka katika tete hilo Wayunani walifanya neno jingine kwa ajili ya ufito ulionyooka, wa kupimia. Waarabu wakalichukua wakasema qanun, nasi tukalipokea tukasema kanuni. Basi mtunza bustani anayeita ua lake na hakimu anayefungua sheria zake wanachota katika kisima kimoja bila ya kujuana. Jina la pili la mmea, indica, ni kumbukumbu ya kosa la mabaharia waliodhani visiwa vya Karibi ni Bara Hindi. Linnaeus alipochapisha kitabu chake cha mimea yote aliyoijua, mwaka 1753, aliipanga kwa hesabu ya viungo vya uzazi vya ua. Na kwa kuwa kana ina kiungo kimoja cha kiume na kimoja cha kike, ilisimama ukurasa wa kwanza, mbele ya mimea mingine yote. Heshima hiyo ina kichekesho ndani yake, kwa sababu kile tunachokiona na kukisifu katika ua la kana si petali hata kidogo. Petali zake ni nyembamba na hazina fahari. Mapambo mekundu na ya manjano ni viungo vya kiume vilivyoacha kazi ya uzazi vikavaa nguo ya harusi.

Mbegu yake ni nyeusi, ya mviringo, na ngumu mno hata Waingereza wakaifananisha na marisau. Ugumu huo umeipa kazi ya muziki. Katika Zimbabwe Washona huitia ndani ya vibuyu viitwavyo hosho, ambavyo hulia pamoja na mbira. Katika kisiwa cha Réunion hutiwa katika kayamb, chombo ambacho mtu wa pwani yetu hahitaji kutafsiriwa jina lake. Ajabu kubwa zaidi ilitangazwa mwaka 1971. Kaskazini magharibi mwa Argentina ilipatikana njuga ya kaburini, iliyotengenezwa kwa kaka la kokwa, na ndani yake mbegu ya kana iliyoingizwa wakati kokwa lilipokuwa changa, kabla halijafunga. Kipimo cha kaboni kilionyesha umri wa kiasi cha miaka 600, na mbegu ile ilikuwa imeota.

Mtu akisikia habari hiyo aweza kusema: mmea wenye mbegu ya namna hii una haja gani ya chungu na mlinzi? Haja ipo, na ni kubwa. Mbegu huhifadhi ukoo, haihifadhi aina. Ukipanda mbegu za kana yenye ua unalolipenda utapata watoto, na watoto hawafanani na mama. Mwenye kutaka ua lile lile hana budi kukata tunguu, na kipande kile si mtoto bali ni mmea wenyewe uleule, uliorefushwa maisha. Kwa hiyo kila aina ya kana iliyobuniwa na mkono wa binadamu ni mwili mmoja uliogawanyika katika vyungu vingi, na kila chungu kikifa mwili unapungua.

Aina hizo zilizaliwa nyingi katika karne ya 19. Kabla ya hapo kana ilikuwa kitu cha wataalamu. John Parkinson wa London aliiandika katika kitabu chake cha bustani cha mwaka 1629, lakini ni nyumba ngapi zilikuwa na mahali penye joto pa kuiweka? Mabadiliko yaliletwa na kioo na makaa ya mawe. Mwaka 1845 serikali ya Uingereza iliondoa kodi ya kioo, bei ikashuka, na nyumba za vioo zenye mabomba ya maji ya moto zikaenea. Katika miaka hiyohiyo ya 1840 Théodore Année, Mfaransa aliyekuwa ametumikia nchi yake huko Chile, alirudi akakaa Passy, kando ya Paris, akaanza kuzichanganya kana alizokuja nazo. Alizipenda kwa majani yao, ambayo ni mapana kama ya mgomba mchanga, na maua kwake yalikuwa jambo la pili.

Ladha hiyo iliafikiana na siasa za wakati ule. Haussmann alikuwa akibomoa mitaa ya Paris na kufungua mabustani, na mkuu wake wa bustani, Barillet-Deschamps, alitaka majani makubwa ya nchi za joto mbele ya macho ya watu wa mji. Kana ilimfaa kuliko mimea yote. Maelfu yalitolewa vyunguni mwanzo wa kiangazi, yakapandwa, yakastawi miezi minne, na jalidi ya kwanza ilipoyapiga yakang'olewa na kurudishwa ndani. Mpita njia aliona uzuri wa miezi minne. Miezi minane iliyobaki ilikuwa ya watumishi. Barillet-Deschamps mwenyewe alikwenda mwishoni Misri, akamtengenezea Khedive Ismail bustani ya Ezbekiya mjini Cairo, mahali ambapo kana haina haja ya kukimbizwa.

Aliyeyapa maua nafasi ya kwanza ni Pierre Antoine Crozy wa Lyon. Alizifupisha kana ndefu, akayapanua maua, na kazi yake ndiyo iliyoifanya kana ikubali chungu cha barazani kwa muda wote wa maisha yake, kwa kuwa mmea wa kimo cha mtu na nusu hauketi vizuri katika chombo. Katika miaka ya 1890 Carl Sprenger, Mjerumani aliyefanya kazi karibu na Napoli, alileta maua makubwa zaidi, mepesi kama kitambaa, yanayochakaa haraka kwa jua. Mimi nampa Crozy daraja ya juu. Sprenger aliushangaza ulimwengu, lakini Crozy alielewa chungu.

Na chungu kinataka kueleweka. Tunguu la kana hutambaa kwa upande chini ya udongo, likizaa jingine na jingine, hata likakutana na ukingo. Likiachwa miaka miwili au mitatu hukipinda chungu cha plastiki na kukipasua cha udongo, na katikati yake hubaki vipande vikongwe visivyotoa chochote. Dalili ni maua machache na maji yanayopita upesi bila ya kulowesha. Mtunzaji wa nchi za baridi huingoja mwanzo wa majira ya kuchipua. Hulipindua bonge zima, hukung'uta udongo uliochoka, hutupa yaliyooza, kisha kwa kisu kikali na safi hukata vipande vyenye macho mawili au matatu. Vipande hivyo huachwa siku moja jeraha likauke, ndipo hulazwa katika chungu chenye matundu, upana wake yapata sentimita 30 au 40, ndani ya udongo uliochanganywa na mboji, na hufunikwa kwa udongo wa kina cha sentimita 5 hadi 10. Hutaka joto la nyuzi 16 au zaidi. Mababu waliopungukiwa na makaa waliviweka vyungu juu ya samadi mbichi ya farasi, ambayo huchacha na kutoa moto wake wenyewe. Maji ni kidogo mpaka chipukizi lionekane. Baada ya hapo ni mengi, kwa maana kana ina ulafi wa maji na mbolea. Hapa kwetu, pasipo jalidi, shughuli yote hii haina tarehe. Mwenye kana katika debe barazani huifanya mvua zikikaribia, na aliyeipanda karibu na mfereji hasumbuki kabisa.

Vita viwili vya karne ya 20 vilionyesha ni kwa uzi mwembamba kiasi gani aina zile zilining'inia. Makaa yalipokuwa ya mgawo na bustani zikalimwa mboga, kuyapasha moto matunguu ya mapambo kulikuwa anasa isiyoweza kutetewa, nami siwalaumu walioamua hivyo. Baridi moja isiyo na moto yatosha. Aina nyingi zilizokuwa na majina marefu katika orodha za wauza maua hazikuonekana tena. Kisha mwanzoni mwa karne ya 21 likaja balaa la namna nyingine: virusi vinavyoyachora majani mistari ya manjano na kuyalemaza maua. Havina dawa. Vingine huchukuliwa na vidukari, lakini vyote husafiri ndani ya tunguu, hata kazi ileile ya kugawa iliyoiokoa kana kwa zaidi ya miaka 150 ikawa ndiyo inayoueneza ugonjwa, na wakulima wakachoma mali waliyoirithi.

Hasara nyingine haina moshi. Kibao cha jina huchomekwa katika udongo wa chungu, na siku ya kubadili udongo ndiyo siku kinapoanguka. Kipande kimoja huenda huku bila ya jina, kingine kule na jina la jirani yake. Ndiyo maana kana mbili zenye jina moja hutoa leo maua tofauti, na kana moja huuzwa kwa majina matatu. Na kama kuna tunguu la Crozy linalochipua mahali fulani, kipande kilekile kilichokatwa Lyon na kukatwa tena kwa vizazi vitano, yumkini mwenye nalo analiita kana nyekundu tu.